Kifuko Chekundu Kwenye Gari la Baba

Mnamjua yule mama wa Kijapani anayeishi ndani ya magari ya Nairobi. Hajawahi kuonekana, lakini ukiwasha gari lililotumika kwao anakwambia neno, kwa upole, kama karani anayekuomba urudi kesho. Wiki iliyopita niliita teksi kutoka kazini Kilimani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, gari lilinuka zulia bichi na manukato ya ndimu, na dereva alipozungusha ufunguo mama yule akasema maneno yake. Dereva hakushtuka, amemzoea. Mimi, kwenye kiti cha nyuma, nikajikuta niko darasa la tano tena, nimesimama uani kwetu Satellite, nimevaa gauni la Jumapili linalonibana makwapa.

Siku hiyo Baba alikuwa ameleta gari. Lilikuwa jeupe, na kwa sababu halikuwa na mkwaruzo hata mmoja tuliliita jipya, ingawa lilikuwa limeshazeekea Japani. Tuliishi kwenye ploti ya Cucu, nyanya yangu mzaa mama, katika moja ya nyumba za mawe zilizotazamana na yake. Cucu alizaliwa hapo hapo, enzi mahali pale palipokuwa mashamba ya mahindi na hapajapewa jina la Satellite. Baba alikuwa fundi wa umeme kutoka pande za Kakamega. Alikuja kuweka nyaya katika nyumba za Cucu, akamwona binti yake, na nyaya zikachukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alikuwa amelishika jembe miaka kumi na miwili na bado Cucu akimtaja kwa watu alisema "yule mtu wa huko magharibi".

Kwetu gari haliendeshwi kabla ya kuombewa. Siku hizi wengine humwita mchungaji, lakini pale ploti mwombaji alikuwa Cucu, mzee wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Alikuja na wenzake wanne, vilemba vyeupe, Biblia za kufungwa kwa zipu. Akaweka kiganja juu ya boneti, akaomba kwa Kikuyu. Aliombea magurudumu, akaombea breki, akawakemea waendesha bodaboda, akaombea hata zile fimbo za kufuta mvua kwenye kioo. Tukasema amina. Baba, akiwa ndani tayari, akazungusha ufunguo, na mwanamke akajibu kutoka ndani ya gari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Ni nani huyo ameongea?" Cucu akauliza.

"Ni mashine tu, Mama," Baba akasema. "Inakuja na gari."

Cucu akainama kuchungulia. Hapo ndipo alipokiona kifuko. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa kiberiti, cha kitambaa chekundu kinachong'aa, kimefungwa mdomo kwa kamba nyeupe, nacho kilining'inia kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Kilikuwa na maandishi ya uzi wa dhahabu. Baba alikuwa amekikuta humo, naye hakujua ni nini.

"Hiyo kitu najua," Cucu akasema polepole. "Hiyo ni hirizi. Nimeomba Mungu, na hiyo ndio imejibu. Mimi siingii hapo."

Akina mama wale wanne wakaangalia viatu vyao. Ninyi mnaosoma mnaweza kuona lilikuwa jambo la kuchekesha, na hata mimi naona hivyo sasa. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kwao Baba, mwanamume habishani na mama mkwe, hamtazami machoni, wala hampi mkono. Kwa hiyo Baba aliinamisha macho kwenye usukani na hakusema lolote, na kunyamaza kule kukaonekana kama kukiri.

Cucu akanigeukia mimi. "Nafura," akasema. Jina langu ni Nafula, la mama mzaa Baba, lakini katika kinywa cha Cucu herufi L haikuwahi kupata makao. "Wewe si ndio unasoma? Siku utajua hiyo maandishi inasema nini, ukuje uniambie. Usiniletee ya kuambiwa na watu. Usome."

Kisha akafungua geti, akaenda kanisani kwa miguu, na goti lake bovu. Ninachokikumbuka zaidi ni safari yenyewe. Kumpita mama mkwe anayetembea, wewe umekaa garini, ni jambo ambalo Baba asingeweza kulifanya. Kwa hiyo alimfuata nyuma, gia ya kwanza, mimi na Mama tukiwa ndani, kutoka kwetu mpaka kanisani, magari yakitupigia honi, wauza mboga wakisimama kuangalia. Cucu hakugeuka hata mara moja.

Wakati wa chakula cha mchana Mama alimwambia Baba akitoe tu hicho kifuko, yaishe.

"Nikikitoa," Baba akasema, "nitakuwa nimekubali nilileta uchawi kwa mama yako. Sitoi. Mwisho wa mwezi tukiwa bado hivi, tunahama. Kuna nyumba Rongai."

Baba hakuwa mtu wa kupayuka, na ndiyo maana niliogopa. Nilikuwa nikitoka shule napita kwa Cucu kwanza, nakunywa uji jikoni kwake, namsomea sura moja ya Biblia ya Kikuyu na yeye ananirekebisha. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika masomo ya ngumbaru, akiwa na watoto watano na mgongoni amembeba wa sita. Kwake yeye, kitu kilichosomwa kilikuwa tofauti na kitu kilichosikika. Sikuweza kuwaza maisha ya Rongai yasiyo na jiko lile. Nikaamua kwamba nitasoma kile kifuko.

Mama alikuwa na duka la kushona karibu na Adams Arcade, na Jumamosi nilishinda humo nikiokota pini kwa sumaku. Miongoni mwa wateja wake alikuwa mwanamke Mjapani aliyekuwa akihamia nyumba Kilimani, na aliyetaka mapazia ya madirisha yote. Mama alimwita Madam Nakano, mimi nilimwita Anti. Kiswahili alikuwa amejifunzia chuoni kwao, na kilitutia haya. Sisi tulisema "kitu yangu" na kuendelea na maisha; yeye alisema "kitu changu" na kusubiri kidogo kuona kama amekosea. Ukimsalimu "Sasa?", alikujibu "Sijambo."

Najua mnachojiuliza. Kwa nini sikumwonyesha maandishi, akayasoma, tukamaliza? Kwanza, Mama alikuwa amenionya kwamba ya nyumbani hayatolewi mbele ya wateja. Pili, Cucu alikuwa amekataza ya kuambiwa. Kwa hiyo nilimwomba tu anifundishe kusoma Kijapani. Alifurahi kiasi cha kunitia hofu.

Jumamosi ile ile akanichorea jedwali la herufi arubaini na sita nyuma ya karatasi ya ruwaza. Zilikuwa laini, za mviringo, kama nyuzi zilizodondoka sakafuni mwa duka. Kila herufi ilikuwa na sauti yake kamili: ka, ki, ku. Hilo halikunipa taabu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa Kiswahili chekechea. Bandu bandu huisha gogo. Nilizikariri njiani kwenda shule, nikaziandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Kufikia Ijumaa nilizijua karibu zote. Nikaingia garini kwa Baba, nikakitazama kifuko. Hakikuwa na hata herufi moja niliyoijua.

Nilidhani nimefundishwa vibaya. Jumamosi ya pili, siku moja kabla ya Cucu kutembea tena na Baba kumfuata tena kwa gia ya kwanza, nilimweleza Anti kwamba kuna maandishi fulani mahali fulani ambayo hayamo kwenye jedwali lake.

"Ah," akasema. "Hayo ni mengine." Akachora jedwali la pili. Herufi zingine arubaini na sita, za sauti zile zile, ila hizi zilikuwa za pembe pembe, kama zimekatwa kwa makasi.

Nikamuuliza kwa nini watu wenye akili timamu wajipe herufi mbili kwa sauti moja. Akasema za kwanza ni za maneno ya nyumbani. Hizi za pili ni za maneno yaliyokuja kutoka nje, vitu vya wageni. Akaandika jina langu ili nione: herufi tatu, zote za pembe pembe. Akalisoma kwa sauti. "Nafura." Nikaangua kicheko hadi Mama akasimamisha cherehani, maana sikuwahi kumsikia mtu mwingine akiniita hivyo ila Cucu.

Baada ya kicheko nikaangalia tena. "Kwa hiyo mimi niko kwa wageni?"

"Ndiyo. Wewe ni Mkenya."

"Nikienda kukaa huko kwenu miaka mingi, mtanihamisha mniweke kwa zile za nyumbani?"

Alifikiri kwa uaminifu. Akasema mkate ulifika kwao mamia ya miaka iliyopita, wanaula kila asubuhi, na bado unaandikwa kwa herufi za wageni. Nikamfikiria Baba na miaka yake kumi na miwili, na nyaya zilizowasha taa za nyumba nzima ya Cucu. Niliona tu kwamba lile jedwali la pili sikulipenda.

Hata hivyo lilinifungulia gari. Kwenye mlango palikuwa na karatasi iliyobandikwa, nikasoma herufi kwa herufi: ta-i-ya. Kwenye kitufe kimoja: ra-ji-o. Wajapani, kama Cucu, walikuwa wamechukua maneno ya Wazungu wakayapa vokali za kuegemea yasianguke. Baba alisimama mlangoni akinisikiliza, ufunguo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aliponunua gari nikamwona akitabasamu. Lakini kifuko kilibaki bubu. Hakikuwa cha nyumbani, hakikuwa cha wageni.

Jumapili ya nne Cucu alitembea mvuani. Baba alishuka akamtangulia na mwavuli, akauweka wazi juu ya jiwe kando ya njia, akarudi garini. Cucu akauokota. Hawakutazamana. Mwezi ulikuwa umebaki na siku nane.

Jumatatu hiyo nilichukua karatasi ya mraba mraba kutoka daftari la hesabu, nikanakili maandishi ya kifuko, mbele na nyuma, kama mtu anayechora mdudu asiyemjua miguu yake. Sikuweza tena kusubiri kusoma mwenyewe. Jumamosi nikampa Anti karatasi, Mama akiwa ndani anapima kitambaa.

Akaigeuza juu chini, maana nilikuwa nimempa kichwa chini. Kisha akasema kuna aina ya tatu. Hizi hazikuwa arubaini na sita, zilikuwa maelfu, na yeye mwenyewe hakuzijua zote. Hizi haziandiki sauti. Zinaandika maana. Na katika sentensi moja, akasema, hutumia zote tatu bila kufikiri. Hilo nalo sikulishangaa sana. Shuleni tulivishwa kibao shingoni kama adhabu kwa kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng kwa pumzi moja, na nilisikia raha kidogo kujua kuna nchi nzima inayofanya hivyo na kuunda magari.

Maneno ya mbele yalikuwa manne. Akanionyesha moja moja, akinifanya niandike mwenyewe mpaka mkono ukakubali. La kwanza na la pili yakiwa pamoja ni mambo ya barabarani, kupita na kupitana. La nne ni ukamilifu. La tatu alilichora taratibu. "Hapa juu ni paa la nyumba. Hapa chini ni mwanamke. Mwanamke chini ya paa. Maana yake ni utulivu, salama."

"Kwa hiyo yote pamoja?"

"Usalama barabarani."

Nilitaka kukimbia hadi Satellite wakati huo huo. Lakini nilikuwa nimenakili na upande wa nyuma, na Anti alikuwa mtu wa kumaliza kazi. "Na hili ni jina la mahali," akasema. "Mahali pa kuabudu, kwa dini ya zamani ya kwetu. Watu huenda huko na gari, wanaombewa, wanapewa kifuko hiki. Huning'inizwa ndani ya gari. Ndani yake mna maneno ya sala."

Nikakunja karatasi, nikaiweka ndani ya soksi. Kwa hiyo Cucu hakuwa amekosea sana. Kilikuwa ni kitu cha maombi, na maombi hayakuwa yetu. Mchana huo Mama alinituma kununua zipu na vifungo, nikatembea nikijadiliana na nafsi yangu mpaka nikapita duka lenyewe.

Kesho yake, kabla ya kanisa, nilimkuta Cucu jikoni akifunga kilemba. Nikamwambia nimesoma. Akakaa kitini kana kwamba mtu ameleta kesi. Nikachora yale maneno manne mbele yake kwa kalamu ya risasi, bila kuangalia karatasi, nikamweleza moja moja. Nilipofika kwa mwanamke chini ya paa, akaniambia nilichore tena.

"Na nyuma?" akauliza. "Nyuma kumeandikwa nini?"

"Ni jina la mahali kilitoka, Cucu."

"Mahali kilitoka."

"Eeh. Tu."

Uji ulikuwa unachemka na hakuupunguzia moto. Mimi niliangalia sufuria, nikasubiri radi. "Haya," akasema hatimaye. "Basi kuna mama wa mtu huko aliombea hiyo gari kabla yangu. Lete kiatu yangu."

Tukatoka uani. Baba alikuwa amesimama kando ya gari na shati lake jeupe, tayari kwa gia ya kwanza. Cucu alimpita. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingiza goti bovu kwanza, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Baba akaingia, na kabla ya lolote akakigeuza kile kioo pembeni ili macho yake yasikutane na ya mama mkwe, kifuko kikiyumba. Akawasha. Yule mama akasema maneno yake.

"Na huyo husema nini?" Cucu akauliza, akinielekea mimi.

Hilo nilikuwa nimemuuliza Anti. "Anasema kuna kadi ya kulipia barabara haijawekwa."

"Mwambie tumesikia," Cucu akasema. "Twende."

Mlangoni pa kanisa akina mama walipokuja kumpokea alisema, kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Ni mwanangu amenileta." Baba alikuwa akifunga gari. Alijifanya ufunguo umekwama, akauzungusha mara tatu, nne. Hatukuhamia Rongai.

Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimdanganya Cucu kwa wema. Kila nilipoona kifuko kile nilisikia fahari na aibu vikigombania kiti kimoja. Cucu alifariki nikiwa chuoni. Siku tulipogawana nguo zake, Mama alishika gauni jeupe la kikundi, lile lenye kola ya kushonwa upya, akacheka peke yake.

"Hii kola," akasema, "aliileta dukani ile Jumamosi. Ulikuwa umeenda kununua zipu. Akamkuta Madam Nakano, akamuuliza wazi wazi hiyo kitu ya gari imeandikwa nini, mbele na nyuma. Akaambiwa yote, mpaka hiyo dini, na kwamba wewe umeshafundishwa. Akasema, asante, huyo mtoto ataniambia kesho, usimwambie nimeuliza."

Nilikaa kitandani kwa Cucu. Nikauliza kama alikuwa amekasirika.

"Kukasirika? Alikuwa anatafuta njia ya kurudi tangu ile Jumapili ya kwanza. Aliogopa kidogo, kweli. Lakini alishasema mbele ya watu, na unamjua."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee wa kanisa hasemi mbele ya wenzake kwamba amekosa. Alihitaji mtu wa kumtoa humo bila kumwaibisha, akamchagua mtoto wa darasa la tano aliyempa kazi ya kusoma. Aliniuliza ya nyuma akijua jibu. Sijui angefanya nini kama ningemwambia yote. Nadhani angeingia garini vivyo hivyo. Lakini alinisikiliza nikimficha neno moja kwa ajili ya babangu, akaona kilicho moyoni mwangu, akaagiza kiatu. Nilimkosa Cucu siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Teksi ilikuwa imefika Adams. Taa nyekundu zilitusimamisha, gari likazimika, dereva akaliwasha tena, na yule mama akarudia.

"Madam," dereva akasema, akicheka, "huyu mama husema nini kila siku? Nimeuliza watu mpaka nimechoka."

Nikamweleza habari ya kadi. Akatikisa kichwa, akasema miaka minne alidhani anasalimiwa.

"Mwambie tumesikia," nikasema. "Twende."